Sura ya Sita: Mkwaruzo wa Ukingoni

Koplo aliinua diski hadi kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza taratibu kama mama anayekagua yai asilolielewa. Katikati ilikuwa safi, inang'aa rangi zote za upinde wa mvua. Ila ukingoni, pale mduara unapoishia, palikuwa na duara la vidoa vidogo vidogo, vimejipanga foleni kama siafu.

"Na hii?"

"Nayo hivyo hivyo," alisema bosi wa duka la filamu. "Nakala zangu zote za filamu hiyo. Nyingine dukani humu haijaguswa hata moja. Huyu ni mtu mwenye kinyongo, afande."

Filamu yenyewe iliitwa *Taa ya Dirisha la Pili*. Ilikuwa ya mapenzi, ya nyeusi na nyeupe, ya zamani kiasi kwamba Koplo mwenyewe alikuwa hajazaliwa ilipopigwa. Ilikuwa imepotea miaka mingi, watu wakabaki kuihadithia kama marehemu, mpaka mtu mmoja mwenye subira alipoiokota, akaisafisha na kuitoa upya kwenye diski. Kava limeandikwa kwa herufi za kujidai: PICHA SASA SAFI KAMA JANA. Wateja waliigombania. Wakaenda nayo nyumbani, wakalia panapostahili kulia, wakafika mwisho, pale stesheni. Bwana yuko kwenye ngazi ya treni, amenyoosha mkono. Bibi anakimbia, anafika, anainua mguu apande. Hapo picha inaganda. Mguu hewani. Mtaa mzima haukujua kama alipanda au hakupanda, na kulikuwa na nyumba ambazo mume na mke hawakusemeshana kwa sababu ya mguu huo.

Kituoni wenzake walikuwa wamemcheka. "Koplo kapewa kesi ya sinema! Nenda kawakamate wapenzi!" Koplo aliwaacha wacheke. Kesi ile aliiomba mwenyewe. Baba yake, fundi cherehani mstaafu, alikuwemo ndani ya filamu ile. Katika hoteli, mwanzoni kabisa, alikaa meza moja na bwana mwenyewe, wakagonganisha glasi. Mzee alikuwa ameihadithia meza ile mara nyingi hata mtaani wakaacha kumwita jina lake, wakamwita Mzee Meza Moja. Sasa diski ilikuwa imetoka na kila mtu alikuwa amejionea: kweli, pale mezani kuna kijana wa koti zuri, na pua ni ile ile.

"Nani huzishika hizi diski?" Koplo aliuliza.

Swali lilimwendea binti wa dukani. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta kiupande, kama sura ya kwenye sarafu, shavu moja limeelekea rafu.

"Wateja," alisema. "Bosi. Mimi." Akafikiri. "Na baba yako, afande. Huja akakaa pale mlangoni penye mwanga, anaomba azishike tu. Anasema anajitafuta."

Koplo akacheka. "Huyo mtoe. Huyo ndiye mwenye filamu."

"Nilishamtoa," alisema binti. "Hakuna anayeipenda kuliko babu."

"Tunazunguka mbuyu bure," bosi alidakia. "Funguo za kabati anazo nani? Yeye. Nikimuuliza, hajui. Kesho asubuhi anatoka hapa, na utakayemchukua kituoni ni huyu."

Koplo aliweka diski chini. "Geuka, binti."

Binti aligeuka nusu. Shavu la pili lilikuwa na alama za vidole, zimeanza kubadilika rangi.

"Nilimgusa tu," alisema bosi. "Hasira, afande. Mali inauma."

"Na wewe ukasemaje?" Koplo alimuuliza binti.

"Nikasema samahani."

Alilisema akitazama kaunta, kana kwamba yeye ndiye aliyepiga.

Koplo alilitazama shavu lile. Vidole vyake viwili vilipanda kwenye mkono wa sare, mahali palipokuwa na tepe zaidi ya hizi zilizobaki. Aliwahi kuwa Sajini. Siku moja kwenye gwaride mkubwa wake alimzaba kofi mbele ya vijana, naye akalirudisha papo hapo, tena kwa kiganja kilichoshiba. Walimvua tepe. Aliporudi nyumbani, baba yake hakumlaumu. Alimshonea shati jipya la sare. Toka utotoni mzee alikuwa na neno moja kwa wanawe: kofi halilali, likija, lirudishe kwao.

"Kabla ya kesho nitakuwa na jibu," Koplo alimwambia bosi. "Na huyu asiguswe tena."

*

Washukiwa wa mwanzo walikuwa wale wenye ugomvi na mwisho wa filamu. Mama mmoja wa kwaya alikuwa amekuja dukani kulalamika kwamba kule stesheni watu wanashikana viuno mbele ya watoto. Koplo alimkuta anaanika nguo. Mama alimsikiliza hadi mwisho, pini za nguo mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Yaani nikwaruze kitu ambacho sijamaliza kukitazama? Afande, mimi nimekodi hiyo filamu kila diski iliyokuwepo, nikitafuta ambayo mguu unashuka. Hebu niambie wewe unayejua mambo. Alipanda?"

"Sijui, mama."

"Basi nenda kafanye kazi."

Akabaki mwenye faida. Mtaa wa pili kulikuwa na kijana aliyeuza filamu za kunakili, akijulikana kwa jina la kazi yake, Nakala. Duka lake lilikuwa meza moja, mwavuli, deki na televisheni ndogo yenye kichogo kikubwa. Alipoiona kofia ya polisi alianza kukunja biashara kwa miguu huku mikono ikisalimia.

"Shikamoo afande! Leseni iko njiani, inakuja na shangazi."

"Marahaba. Mwache shangazi apumzike. Unayo *Taa ya Dirisha la Pili*?"

"Ninayo. Sinayo. Inategemea wewe ni mteja au ni serikali."

"Weka mwisho wake."

Nakala aliiweka, akaisogeza mbele hadi stesheni. Moshi, bibi anakimbia, mkono, mguu. Picha ikaganda.

"Na yako?" Koplo alisema.

"Si nimenakili kwake!" Nakala alipiga paja. "Mimi nalia kuliko yeye. Yeye wateja wanamrudishia diski. Mimi wananirudishia matusi. Ukimkamata huyo mtu, afande, niite shahidi. Huo ni wizi."

Koplo alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliitoa diski mfukoni, akaitazama tena foleni ya vidoa. "Hiki kitu kinasomwaje? Sindano inaanzia wapi?"

"Sindano haipo, kuna taa. Inaanzia ndani, inakuja nje. Katikati hapa ndipo mwanzo. Ukingoni ndiko mwisho."

"Sivyo. Inaanzia nje."

"Hiyo ni santuri, afande. Umekulia nyumba yenye gramafoni nini?"

Koplo alikuwa amekulia nyumba yenye gramafoni. Sindano ilishushwa ukingoni, ikazunguka, ikazunguka, wimbo ukaishia katikati. Kila aliyekulia nyumba ya namna hiyo angeapa kwamba sahani yoyote inayozunguka huanzia nje.

Alisimama kutoka kwenye ndoo.

"Huyu mtu hana ugomvi na mwisho," alisema, polepole, akiiambia diski kuliko Nakala. "Alitaka kuua mwanzo. Akakosea mlango."

"Basi ni mtu mzima," alisema Nakala. "Kijana asingekosea."

"Mtu mzima. Na mwanzoni kuna kitu hataki kionekane."

"Mwanzoni kuna hoteli tu. Yule bwana, na wale wa mezani..." Nakala akatabasamu. "Na mzee wako. Meza Moja!"

"Ndiyo," alisema Koplo. "Mzee wangu atamjua. Wote wa siku ile anawajua."

*

Lakini kabla ya kumsumbua mzee alirudi dukani kujitazamia. Bosi alikuwa ametoka. Binti aliweka diski kwenye deki, akasimama kando, shavu rafuni.

Hoteli ilitokea kwenye kioo, safi kama jana kweli. Zamani, mzee alikuwa akisema, filamu ile ilikuwa inanyesha mvua: michirizi mitupu, nyuso kama zimetazamwa kupitia chandarua. Sasa kila tundu la uso lilikuwa mahali pake. Bwana yuko mezani na wenzake. Kijana wa koti zuri ananyanyua glasi. Mhudumu kijana, mwembamba, amevaa sare iliyomzidi mabega, anakuja na sinia. Tone moja la kinywaji linadondoka kwenye mkono wa bwana. Bwana anasimama. Kofi.

Lilikuwa kofi la kweli. Halikuwa la sinema. Kichwa cha mhudumu kilikwenda, kikarudi. Watu wa mezani walicheka. Mhudumu akaitazama kamera, akatabasamu, akasema: "Asante, bwana." Juu kwenye ngazi bibi alikuwa ameyaona yote, akamkunjia bwana uso. Hapo ndipo chuki yao ilipoanzia, na kwa chuki, kama ilivyo kawaida ya filamu, mapenzi.

"Rudisha nyuma," Koplo alisema. "Nataka wale wa mezani, mmoja mmoja."

Binti akarudisha. Koplo aliwakagua waliokaa. Mwenye sigara. Mwenye miwani. Mwenye koti, baba yake. Nani kati ya hawa angeona haya leo? Wamekaa, wamekunywa, wamecheka. Akarudisha tena. Kofi, kicheko, asante. Na mhudumu, kabla hajaondoka kwenye picha, akashika mkono wa sare yake kwa vidole viwili, akatoa uzi ambao haukuwepo.

"Tena," alisema Koplo.

Binti hakubonyeza remoti. Alikuwa anamtazama yeye.

"Afande, mbona na wewe unafanya hivyo?"

"Nafanya nini?"

"Hivyo. Kama unatoa uzi. Hata asubuhi, ulipoona shavu langu, ulifanya."

Koplo aliangalia mkono wake. Vidole viwili vilikuwa kwenye mkono wa shati, vimebana uzi usiokuwepo. Hakuvitoa. Kwenye televisheni mhudumu naye alikuwa ameganda hivyo hivyo, mabega membamba, tabasamu bado liko. Ukimtoa nywele, ukamwongezea kitambi na miaka, hakubaki mtu mwingine duniani ila baba yake.

"Zima," alisema.

"Afande, vipi?"

"Zima tu, dada."

Aliichukua diski hadi dirishani. Safari hii hakuangalia duara, aliangalia vidoa. Havikuwa sawa. Kila baada ya vidoa kadhaa palikuwa na pengo, kisha foleni ikaendelea, kisha pengo. Alikuwa ameviona vidoa hivyo utoto wake mzima, ila kwenye kitambaa: kuna kigurudumu kidogo chenye meno na mpini, fundi cherehani hukitembeza juu ya nguo kuhamisha alama kabla hajakata. Kwenye sahani hakukitambua. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Koplo alikuwa ndani ya shati alilokatiwa kwa kigurudumu hicho hicho.

*

Mama yake alikuwa sebuleni anakunja nguo. Alimwona mlangoni, akaiona kofia kichwani.

"Karibu, baba. Mbona umeingia na kofia? Kuna mtu kafa, au unakamata mtu?"

"Shikamoo, mama. Mzee yupo?"

"Marahaba. Yupo kwenye cherehani yake, anajifanya anashona."

Mzee alikuwa chumba cha pili, miwani puani, kitambaa kimelala mashineni hakiendi mbele wala nyuma. Alipoiona kofia alikaa wima.

"Umempata?"

"Naelekea kumpata." Koplo alivuta kigoda, akakaa mbele yake. "Kigurudumu chako kiko wapi, baba?"

"Kigurudumu gani?"

"Si kile kibogoyo!" mama alipaza sauti kutoka sebuleni, mikono haijaacha kukunja. "Kiko mfukoni mwa koti lake. Kilinichoma nilipokuwa nafua. Nikamuuliza, mzee wangu, unamshonea nani siku hizi na macho hayo? Akasema mteja. Mteja gani anakuja mfukoni?"

"Mama Koplo," mzee alisema, "chai."

"Chai haina mbio, nakunja."

Mzee hakusogea. Koplo alikwenda mwenyewe kwenye koti lililotundikwa nyuma ya mlango, akatia mkono mfukoni, akakitoa. Mpini ulikuwa umelainika kwa miaka ya kiganja kimoja. Jino moja halikuwepo. Alikitembeza juu ya karatasi, akaiweka diski kando ya mstari. Vidoa, pengo. Vidoa, pengo.

"Mafundi wako wengi," mzee alisema.

"Vibogoyo wako wangapi?"

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa mtu wa kujibu haraka. Vijiwe vyote vilimjua hivyo.

"Ulikosea mahali," Koplo alisema. "Diski haianzii nje, baba. Huanzia ndani. Umeua stesheni. Hoteli iko nzima."

Mkono wa mzee uliokuwa juu ya kitambaa ukatulia.

"Nzima?"

"Mtaa wote wameiona."

"Wameniona?"

"Wamemwona mwenye koti. Wanasema ndiye wewe. Pua ile ile."

Kitu kama kicheko kilimtoka mzee puani, kikafia hapo hapo. "Kwa hiyo ningekaa kimya..."

"Ungeendelea kukaa meza moja."

Kutoka sebuleni mlio wa nguo zinazokung'utwa ulikuwa umekoma. Mzee aliinama, akaanza kuzungumza na pedeli ya cherehani.

"Zamani ilikuwa na mvua. Nani angenijua? Nilipoliona lile kava, picha sasa safi, nikasema yametimia. Wameniosha, wananianika. Nilikwenda kutafuta kazi ya kuwashonea sare. Mhudumu wao akaugua. Wakasema wewe mwembamba, vaa. Mimi nikajua ni kubeba sinia tu."

"Alikupiga mara ngapi?"

"Mpaka jua likakaa sawa."

"Jua tu, baba?"

"Mwenye kamera alisema uso wangu hauumii vya kutosha. Wakarudia. Halafu akasema unaumia mno, watu watakosa raha, nitabasamu. Wakarudia. Neno la asante nilijiongezea mwenyewe. Hawakuniambia." Mzee aliinua macho, akayashusha. "Wakalipenda."

"Na mimi ukanifundisha kofi halilali."

"Sikukufundisha nililofanya, mwanangu. Nilikufundisha nililokosa."

"Limeninyang'anya tepe."

"Nilikushonea shati."

"Ndilo hili."

Mama alikuwa amefika mlangoni, shuka limekunjwa nusu mkononi. Aliwatazama, mmoja na mwenzake, wote wameinamia sakafu moja.

"Hiyo ndiyo meza moja?" alisema. "Miaka yote hii nasikia meza, meza. Mimi nilikubali kuolewa kwa sababu ya hiyo cherehani. Sinema ulinitilia nyongeza." Akageuka. "Sasa chai nitaleta."

"Subiri, mama," alisema Koplo. "Bado moja." Alikuwa amelitunza la mwisho, kama polisi wanavyofundishwa, na sasa alipolitoa halikumpa raha. "Yule binti wa dukani. Ameambiwa ni yeye aliyezikwaruza. Kesho anafukuzwa. Na bosi wake amemzaba kofi."

Mzee aliinua kichwa. "Yule anayenipa kiti?"

"Yule."

"Akafanyaje?"

"Akasema samahani."

Vidole viwili vya mzee vilipanda kwenye mkono wa shati lake, vikatafuta uzi. Vya Koplo vilikuwa tayari kwenye lake. Wakaonana, wote wawili wakaishusha mikono kama watoto waliokutwa jikoni.

Mzee akasimama, kigoda kikaanguka nyuma yake.

"Mama Koplo. Koti langu."

"Lipi?"

"Lolote. Si lile ninalovaa nikihadithia meza."

*

Duka lilikuwa limejaa, kama madukani jioni inapokaribia: mama wa kwaya alikuwepo, akitafuta diski ambayo mguu unashuka, na wengine watatu wanne wakisoma makava kwa vidole. Nakala naye alikuwa amesimama mlangoni, kwa mbali, aweze kukimbia. Bosi alikuwa amerudi. Mzee Meza Moja alipoingia watu walimpisha kama kawaida, na mmoja akasema, "Nyota mwenyewe!"

Mzee hakumwendea bosi. Alimwendea binti, akasimama ng'ambo ya kaunta, akavua kofia.

"Mjukuu wangu. Ni mimi."

"Karibu, babu. Nikupe kiti?"

"Usinipe kiti. Ni mimi niliyezikwaruza. Ulikuwa unanipa kwa mikono yako, nami nakugeuzia mgongo pale mlangoni."

Koplo aliweka diski juu ya kaunta, na kando yake kigurudumu. Bosi alivitazama, akamtazama mzee, na uso wake ukalegea ukawa karibu wa furaha.

"Aa, kumbe ni mzee wetu! Basi yaishe. Uzee una mambo yake. Nyota wetu huyu, tutamfunga vipi? Yaishe, afande."

"Kwake unasema yaishe," Koplo alisema. "Na kwa binti?"

"Binti nimesharudisha moyo, abaki kazini. Ilikuwa kofi tu."

"Kofi tu?" alisema mzee.

"Kofi tu, mzee. Halina hata alama ya maana."

Mzee alinyoosha kidole kwenye televisheni ya dukani. "Washa, mjukuu wangu. Anzia mwanzo. Mwanzo wa kweli, sio wangu mimi."

Hoteli ikaja. Watu walisogea. "Huyo hapo!" mmoja alisema, akimwonyesha mwenye koti. "Angalia pua!"

"Simjui huyo," alisema mzee. "Nadhani alikuwa dereva wao. Ngojeni. Anakuja mwenye sinia."

Mwenye sinia akaja. Tone likadondoka. Kofi likalia, na dukani, kwa mazoea, watu wawili wakacheka pamoja na wa mezani. Mhudumu akatabasamu. *Asante, bwana.*

"Huyo ni mimi."

Waliocheka walijifanya wanakohoa. Mama wa kwaya alikaza kilemba ambacho hakikuwa kimelegea. Hakuna aliyejua amtazame nani: mzee wa kwenye kaunta au yule wa kwenye kioo. Bosi ndiye aliyepata shida zaidi, kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kaunta, mbele ya watu, na alionekana hajui auweke wapi. Mwishowe aliutia mfukoni.

"Ni kofi tu," alisema mzee. "Mimi nimelibeba mpaka nikazeeka nalo, na juzi likanifanya mhalifu. Huyu mtoto utampa la kubeba namna hiyo, uniambie ni kofi tu?"

Koplo alifungua mkoba wake, akatoa karatasi. Aliirekebisha sauti hadi ikawa ya kazini.

"Kesi ya huyu mzee haitaandikwa na mimi. Ni baba yangu. Siwezi kumshikia kalamu. Atakuja mwenzangu, na nitamweleza kila kitu, hata kwamba asubuhi nilimtoa kwenye washukiwa huku nacheka. Kituoni watacheka wao." Akageukia kaunta. "Ya kofi naweza. Binti, utaandikisha?"

Binti alimtazama bosi. Kisha aligeuka mzima mzima, mashavu yote mawili, kwa mara ya kwanza siku ile, akawaelekea watu.

"Nitaandikisha."

"Afande, tuzungumze kidogo pembeni," bosi alisema.

"Pembeni ndipo tulipokosea wote," alisema Koplo. "Jina la mlalamikaji?"

Aliandika akiwa amesimama. Binti alieleza kwa sauti ndogo, kisha ya kawaida. Filamu ilikuwa inaendelea juu ya vichwa vyao, na binti alipomaliza kutia saini alinyoosha remoti aizime.

"Iache," alisema mzee.

Alikuwa hajaondoka mbele ya kioo. "Kila nilipoitazama, nilitoka baada ya kofi. Mwisho wake sijawahi kuuona."

"Utauonaje, babu?" alisema binti. "Umeukwaruza."

"Basi nionyeshe mpaka nilipokwaruza."

Binti alipeleka mbele. Bibi na bwana walikimbizana, wakanuniana, wakapatana, kwa mwendo wa kuku. Kisha moshi, na binti akaachia. Stesheni. Bwana kwenye ngazi ya treni, mkono umenyooshwa. Mama wa kwaya akashika kifua. Bibi anakuja, anafika, anainua mguu.

Picha ikaganda.

Mzee alisogea karibu na kioo, akainamia ule mkono wa bwana, hadi miwani yake ikakaribia kugusa.

"Mkono ule ule," alisema.

"Jamani, atapanda?" mama wa kwaya aliuliza, haikujulikana anamuuliza nani.

Bosi alikuwa bado na mkono mfukoni. Binti aliutazama ule mguu hewani, akautazama ule mkono, akajishika shavu.

"Asipande," alisema.